Madebe ya Kanisa

Kama kulikuwa na mtu Kilifi nzima aliyejua jinsi chumvi ya bahari inavyokula ukuta, mtu huyo alikuwa Kioko. Na huyo huyo ndiye waliyemwita mwizi wa rangi, tena katika kanisa alilolipaka kwa mikono yake mwenyewe.

Aliteremka kutoka Ukambani mwaka wa 1971, yeye na mkewe Mumbua, wakiwa na godoro moja na sufuria mbili. Kazi ya rangi alifundishwa na Jaafar, mtu wa Lamu, mwenye duka la misumari na rangi karibu na kivuko. Jaafar alimcheka sana siku ya kwanza alipomwona anautazama ukuta.

"Bwana Kioko, ukuta wa huku hautazamwi," alimwambia. "Waonjwa."

Kuanzia siku hiyo Kioko hakupaka nyumba kabla ya kulowesha kidole, kukisugua ukutani na kukitia ulimini. Watoto walimwita Mla Kuta. Hakujali. Ulimi ulimwambia upepo wa bahari unapiga upande gani, na ukuta upi unahitaji rangi ipi. Jaafar alimfundisha pia kutenganisha aina mbili ambazo watu wengi huzidhania kuwa moja, lateksi na akriliki. Zote ni rangi za maji, na brashi zake huoshwa bombani bila mafuta ya taa. Debe likishafunuliwa, asiyejua hawezi kuzitofautisha. Lakini lateksi aliyouza Jaafar ilikuwa rangi ya chumbani, laini, ya kumpendeza bibi arusi. Ukiipaka nje, mahali upepo wa chumvi unapofika, haimalizi mwaka. Akriliki ni ghali, lakini huung'ang'ania ukuta. Jua likiupasha ukuta, huvutika nao, na mvua ikija, maji huteleza juu yake yakaenda zao.

Kanisa lao lilikuwa juu ya ule mteremko unaoangalia mkono wa bahari, na lilikuwa la watu wa bara. Wengi wao walifanya kazi katika kiwanda cha korosho, na waliokuwa pale walikuwa wameingizwa kazini na Gerishom, msimamizi wa zamu na mzee wa kanisa. Mumbua alikuwa mmoja wao. Alibangua korosho, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemchoma vidole hata vikawa vyeusi kama vya mchoma makaa. Gerishom alikuwa na sauti kubwa na cheo kikubwa, lakini tusimnyime haki yake. Kyalo, mtoto wa kwanza wa Kioko, alipokufa kwa malaria mwaka wa 1976, Gerishom ndiye aliyetoa mbao za sanduku. Kanisa ndilo lililochimba kaburi, kwa maana wajomba na babu walikuwa mbali na hapakuwa na njia ya kumsafirisha maiti.

Katikati ya 1982 waumini walikutana kuamua rangi ya jengo jipya la kanisa, maana mwanzoni mwa mwaka uliofuata askofu alikuwa anakuja kulifungua. Kioko alisimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aingie kanisa lile. Akaeleza lateksi ni nini na akriliki ni nini. Akasema, "Mimi nimeuonja ukuta huu. Mkipaka lateksi nje, mtakuwa mmeupaka unga." Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Ikakubaliwa kwamba ndani itakuwa chokaa na nje akriliki, hata kama harambee itachukua miezi. Kina mama waliuza kuku. Siku zile Kioko alitembea amenyoosha mgongo.

Gerishom alikwenda Mombasa kununua rangi yeye mwenyewe, akarudi na madebe kumi na mawili ndani ya lori la kiwanda. Kioko aliyaona yanashushwa, akainama, akasoma. Kila debe lilikuwa na maandishi mekundu yaliyopigwa chapa kwenye bati: lateksi, rangi ya kuta za ndani.

"Mzee, hii siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo ile tuliyokubaliana. Hii ni ya ndani."

"Rangi ni rangi, Kioko. Askofu anafika Jumapili. Unataka akute ukuta uchi kwa sababu ya herufi za kwenye debe?"

"Lakini watu walitoa pesa za—"

"Kazi ya fundi ni kupaka. Wewe paka."

Pesa zilizobaki zilikwenda wapi, Kioko hakuuliza. Alipaswa kuishusha ngazi, aiegemeze kwenye mwembe wa kivuli na aende nyumbani kwake. Badala yake alipanda. Alijiambia kwamba atapaka mikono mitatu, rangi juu ya rangi, labda itasaidia, na kumbe alijua haitasaidia. Jumapili kanisa liling'aa. Gerishom akamwambia askofu mbele ya watu wote kwamba ile ni akriliki, rangi ya miaka kumi. Kioko alikuwa ameketi safu ya nne. Akainamisha kichwa kana kwamba anaomba.

Sasa kuna desturi ya kazi ile. Rangi ikiisha, madebe ni ya kina mama. Debe zuri la bati lenye mkono ni mali. Huteka maji, huweka unga, huchemshia mahindi ya waombolezaji. Madebe yale kumi na mawili yalipigiwa kura, na Kioko aliyaosha mwenyewe kabla ya kuyatoa. Akaipangusa michirizi yote ya rangi kwa kitambaa mpaka maandishi mekundu yakatokea safi, maana hakupenda kutoa kitu kichafu. Mumbua naye alibahatika, akapata moja.

Masika ya 1983 hayakuwa na huruma. Kufikia Juni ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umetoka malengelenge, kisha rangi ikaanza kubanduka vipande vipande, na nyingine ikatiririka chini ikaacha mchanga mweupe kwenye msingi. Watu wakauliza. Gerishom akajibu haraka, kama mtu aliyelala na jibu mdomoni. Akriliki alinunua, alisema, na fundi akaimimina akaiuza, akajaza lateksi katika madebe yale yale.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Gerishom ilikuwa na lami. Kwa wiki tatu hakuna aliyemwita Kioko kazini. Aliyemwagiza apake duka lake alisema atasubiri kidogo. Watoto waliacha kumwita Mla Kuta, wakamwita Mla Rangi.

Kioko akaenda kwa mchungaji Kamande, mtu mpole asiyependa kelele.

"Mchungaji, ushahidi uko majikoni mwenu," alisema. "Madebe yale yale. Kama ningeuza akriliki, madebe ya kanisa yangekuwa ya akriliki. Waambie kina mama waje nayo Jumapili. Yasomwe mbele ya watu, basi. Sitaki kingine."

Kamande alifikiri, akakubali, na Jumapili iliyofuata akalitangaza jambo hilo mbele ya Gerishom. Gerishom akasema ni sawa kabisa, tena vizuri. Kioko alirudi nyumbani siku hiyo akala sahani mbili. Wiki nzima alipita bombani kwa makusudi, akiona maandishi mekundu yanapita vichwani mwa wanawake, hata lile la Idah, jirani yao, alilozoea kuliona kila asubuhi. Kwa Kioko, jina lake jema ndilo lililokuwa linateka maji mtaa mzima. Ijumaa alipata kibarua Takaungu cha siku mbili, akaenda na moyo mweupe, akarudi Jumamosi usiku.

Jumapili Mumbua alisema kichwa kinamuuma. Kioko akatangulia, akamwachia alete debe lao.

Baada ya ibada madebe yalipangwa kwenye ngazi ya madhabahu, moja moja, yakiletwa na wenyewe. Yalikuwa kumi na moja. Kioko alisimama ili asome. Akaliangalia la kwanza, akaligeuza. Akaliangalia la pili. Yalikuwa yamesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka bati likawa jeupe, linang'aa kama sinia la harusi. Hakuna herufi hata moja. Akageuza la Idah. Idah alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo ndipo alipoelewa. Asiyejua hasugui. Walikuwa wamesoma wote, labda tangu mwezi wa pili, na walijua nani kanunua nini. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema Waswahili. Wenzake walikuwa wameishika nusu ya kwanza tu.

"Haya, fundi, tusomee," Gerishom alisema kwa upole.

"Bado moja," Kioko alisema. "La kwangu liko nyumbani. Nisubirini."

Alitoka mbio, yeye mtu wa miaka arobaini na tano, na shati la Jumapili likamlowa mgongoni. Mumbua alikuwa ameketi mlangoni. Debe lilikuwa mahali pake, pembeni mwa mtungi, limejaa maji. Kioko akaligeuza, maji yakamwagika miguuni mwake. Lilikuwa jeupe kama yale mengine. Mchanga ulikuwa bado umenasa kwenye pindo la chini, na mchanga huo huo ulikuwa kwenye kucha za mkewe, juu ya ule weusi wa korosho.

"Mama Kyalo," alisema.

"Gerishom alituita ofisini kwake Ijumaa, wote wenye madebe," Mumbua alisema bila kumtazama. "Hakusema tusugue. Alisema tu kwamba zamu zinapunguzwa, na kwamba yeye ataangalia nani ni mtu wa kanisa."

"Hata wewe."

"Kyalo alizikwa na nani, Baba Kyalo? Sisi tukifa hapa, tutazikwa na nani? Na rangi?"

Kama angerudi na debe lile, watu wote wangeona kwamba hata mkewe amemkana. Akirudi mikono mitupu, ni mwongo. Akaketi kizingitini. Kule juu walimsubiri mpaka saa saba, kisha wakaimba wimbo wa kufunga, akausikia wote. Kutorudi kwake kulihesabiwa kuwa kukiri, na hesabu hiyo haikufutwa tena maisha yake yote.

Mumbua aliinuka, akaliokota debe, akaenda bombani akalijaza. Aliporudi akachota kikombe, akampa kwa mikono miwili. Kioko akakipokea. Kisha akanywa, kwa sababu alikuwa na kiu, na nyumbani hapakuwa na maji mengine.