Mwenye Mwana Kwanza

Kuna harufu moja ambayo sabuni haiiwezi. Ni ya maziwa ya mama yaliyokaukia kwenye kanga: tamu kidogo, chachu kidogo, na ina joto hata kanga yenyewe ikiwa imepoa. Wodi ya wazazi ninakofanya kazi imejaa harufu hiyo, na wakunga wenzangu hufungua madirisha. Wakishaondoka mimi huyarudisha polepole, nikajidai ninazuia vumbi. Nikiivuta tu, narudi Ujiji, uani kwetu, kwenye mkeka wa Bibi, meno yangu ya mbele yakiwa yameng'oka na mengine hayajaota.

Ulikuwa wakati wa vita ng'ambo ya ziwa. Vita vyenyewe hatukuviona. Tuliiona milima ya Kongo tu, ya buluu kama siku zote, inatokea asubuhi na kupotea mchana kwenye ukungu. Lakini kila kulipokucha, mitumbwi ilishusha watu ufukweni, na hapo walikaa na masufuria na magodoro yao kungoja malori ya kuwapeleka kambini. Malori yalipochelewa, wenye nyumba wakaanza kuwachukua. Bibi yangu, mzaa baba, alikwenda ufukweni kununua dagaa. Alirudi bila dagaa, nyuma yake anafuatwa na mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Bibi mlangoni, kabla Mama hajafungua kinywa.

Mama akamjibu kwa utani kwamba iko na methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Jembe lipo. Huyu ndiye hana nguvu za kulishika," Bibi akasema. "Na mnamshangaa nini? Hapa Ujiji, nani ambaye babu yake hakuvuka?"

Mgeni aliitwa Sifa, ametoka mji wa Baraka, ng'ambo. Mwanawe, Isaya, alilingana na mdogo wangu Zaina, maana wote wawili walikuwa hawajaanza kukaa. Ila Zaina alikuwa na mikunjo ya unono kwenye vifundo, na huyu mwenzake alikuwa kichwa na macho. Hakulia hata kidogo. Nikamsifia kwamba ni mtoto mtulivu, na Bibi akanikata jicho.

"Mtoto anayelia ana nguvu," akasema. "Wa kuogopa ni huyu."

Tangu walipovuka, Sifa alikuwa hajamweka mwanawe kwenye titi. Alimpa maji ya sukari kwa kijiko. Mama alipomuuliza sababu, alijibu akitazama chini.

"Maziwa yangu iliharibika, mama. Mume wangu alibakia kule, na mimi nilikuwa na woga mingi ndani ya mtumbwi. Maziwa ya woga ni sumu. Nikimupa, atakufa."

Hakuna aliyemcheka. Hata kwetu ilijulikana kwamba mwanamke aliyepatwa na msiba hukamua maziwa ya mwanzo akayamwaga, ndipo amnyonyeshe mwanawe. Lakini Sifa alikuwa ameacha kabisa. Matiti yake yalijaa, yakamuuma, halafu yakanywea. "Sasa hakuna kitu," akasema. "Ilikauka."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Isaya akatoa kilio kimoja, chembamba, cha mtu aliyekwisha kata tamaa ya kusikilizwa. Na hapo, jamani, nikaona jambo ambalo sijapata kulisahau: gauni la Mama lililowa kifuani. Hakuna aliyemgusa. Zaina alikuwa ndani, amelala, ameshiba. Doa likapanuka taratibu upande huu, kisha upande wa pili, na mimi kwa ujinga wangu nikauliza nani kamwagia Mama maji. Mama akajifunika kanga, lakini wote tulikwisha ona.

Bibi na Mama wakatazamana. Siku ile sikujua wanachowaza. Nilidhani wanafikiria chakula.

"Ukimnyonyesha," Bibi akasema, "amekuwa mwanao. Si wa kuazima. Hawezi kumwoa Zaina, wala huyu mwenye pengo hapa, wala yeyote utakayemzaa. Na hawa ni watu wa njia. Kesho wako kambini, keshokutwa Mungu ndiye ajuaye. Siku akija kijana kuposa, tutamjuaje?"

"Nisipomnyonyesha, Mama, hakutakuwa na kijana wa kuja kuposa."

Bibi akazungusha tasbihi yake. Baba alikuwa safarini Mpanda, na jambo la namna hii lilitaka ruhusa ya mume. Hatimaye Bibi akasema kwamba Baba alizaliwa na yeye, kwa hiyo yeye akikubali, Baba amekubali. Lakini akatoa sharti.

"Mwenye mwana kwanza. Kila mara, mtoto aanze kwa mama yake. Akikosa, ndipo aje kwako. Sitaki asahau aliyemzaa."

Sifa akarudi nyuma, akakumbatia kifua chake. "Iko sumu, bibi."

"Umesema hamna kitu mle ndani. Kama hamna maziwa, sumu itoke wapi? Weka mtoto. Na kama maziwa yapo, basi tutakuwa tumeyaona."

Sifa akafungua kanga, akamweka mtoto kifuani. Hata leo mimi sijapata la kumjibu Bibi.

Hivyo ndivyo uani kwetu kukawa na desturi mpya. Isaya aliwekwa kwanza kwa mama yake, akavuta patupu, akakasirika, akatema. Bibi akamrudisha. Akavuta tena, ndipo akapelekwa kwa Mama, na hapo ungesikia anavyomeza. Nami nilikaa pembeni nimenuna. Nilijua kwa hakika kwamba ndani ya Mama kuna mtungi, na kwamba mtungi ukitekwa na wawili utakwisha, na Zaina atabaki na kichwa na macho. Nilimwonea huruma mdogo wangu hadi nikawa nampelekea Mama maji kikombe baada ya kikombe, ajazie. Mama aliyanywa yote bila kuniuliza. Bibi naye alimpikia mchuzi wa kuhe, samaki wa ziwani, akampakulia na Sifa sawasawa na yeye, eti kisima kilichokauka nacho hufagiliwa.

Siku zikapita kama zinavyopita za utotoni, hazina majina. Nakumbuka jua la alasiri kwenye ukuta wa udongo, harufu ya dagaa wa jirani wanaokauka, redio inazungumza peke yake kibarazani. Sifa ameegemea ukuta, Isaya yuko kifuani pake kwa zamu yake ya bure. Bibi alikuwa anasimulia jinsi marehemu Babu alivyomkimbia bata mzinga hadi akapoteza kiatu, na kwa mara ya kwanza tangu aje, Sifa alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyeitwa jina.

Nilikuwa karibu, nikaona. Taya la Isaya lilikuwa likienda harakaharaka, kama kawaida yake. Sasa likapunguza mwendo. Likashuka, likatulia, na pale chini ya sikio pakacheza. Anameza. Kwenye titi la pili, lililokuwa wazi, tone jeupe lilijikusanya, likaning'inia, likaangukia goti la Sifa.

Sifa akaanza kulia kwa sauti. "Usilie wewe, utayafukuza!" Bibi akamkemea, huku yeye mwenyewe anajifuta kwa ncha ya mtandio.

Leo ninawafundisha mabinti wa ukunga, na ninajua kilichopita pale ukutani. Ndani ya titi hamna mtungi. Kuna vifuko vidogo mno, vimesongamana kama mayai ndani ya tumbo la samaki, na kila kifuko kina mrija wake wa kupeleka maziwa kwenye chuchu. Kuta za vifuko ndizo zinazotengeneza maziwa, zikichota malighafi kwenye damu, na kwa nje kila kifuko kimezungukwa na nyuzi za misuli. Mtoto anapovuta, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huleta amri mbili kwa njia ya damu: moja ya kutengeneza, nyingine ya kubana nyuzi ili maziwa yatoke. Hata kilio kikiingia sikioni kinatosha kuamsha hiyo ya pili. Hofu huizuia. Haiyageuzi maziwa kuwa sumu, inayafungia ndani tu. Na yakikaa ndani bila kutolewa, vifuko huona kazi imekwisha, vikaacha. Tulipokuwa watoto tulifukua mchanga ufukweni, maji yakajikusanya shimoni, na kadiri tulivyoyateka ndivyo mengine yalivyokuja. Titi ni hivyo. Bibi alikuwa analinda heshima ya mzazi tu, hakuwa na habari ya mishipa wala ubongo. Lakini kila alipomrudisha Isaya kwenye titi kavu, habari ilikuwa inapanda.

Mambo hayakuishia hapo. Malori yalikuwa bado hayajaja Mama alipoanguka na malaria. Ilimkamata vibaya, akawa anatetemeka chini ya mablanketi na kusema maneno yasiyo na kichwa. Maziwa yakapungua, yakakatika. Zaina, yule mnono, akalia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikajua mtungi umekwisha. Niliingia nyuma ya pipa la maji nikaziba masikio.

Kilio kilipokoma nilidhani amekufa. Nikatoka kwa kunyata. Zaina alikuwa kwenye mapaja ya Sifa, ngumi yake imeshika kanga ya Sifa, na pale chini ya sikio pake panacheza. Sifa akanitazama.

"Huyu anavuta nguvu kushinda kaka yake," akasema.

Bibi alisimama mlangoni na bakuli la uji wa Mama. Hakusema habari ya posa wala ya kesho. "Basi," akasema. "Sasa tumefungana huku na huku."

Mama alipona. Malori yakaja asubuhi yenye ukungu, Sifa akapanda na Isaya mgongoni, na Bibi akamshika mguu kutoka chini. "Umwambie ana dada zake Ujiji. Asije akachumbia upande huu bila kuuliza!" Watu garini wakacheka. Sifa alikuwa halii, na mbele ya blauzi yake palikuwa pamelowa, maana Zaina alikuwa akilia mgongoni mwangu.

Hatukupata habari zao tena.

Zaina alipoposwa Bibi alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, basi Mama ndiye aliyemhoji kijana. Hakuuliza kazi wala ukoo. Aliuliza nani alimnyonyesha.

"Mama yangu," kijana akajibu, amefadhaika.

"Peke yake?"

"Peke yake, Mama."

Ndipo posa ikapita. Siku ya harusi ikaletwa kanga ya ubeleko, ile anayopewa mama wa bibi harusi kwa kumbeba na kumlea, doti nzima, bado haijakatwa. Mama akaomba mkasi. Akakata katikati, kipande kimoja akajifunga, cha pili akakikunja. Zaina, hina mikononi, akauliza hicho ni cha nani.

"Cha mama yako," Mama akasema, akakiweka sandukuni.

Kimo humo hadi leo. Kila nikienda likizo Mama hunituma nikitoe nikianike juani, kisije kikaliwa na mende, na mimi hukinusa kabla ya kukikunja tena. Kina harufu ya dukani tu. Mwenyewe hajaja.