Siku Tatu za Giza Kule Mapera

Mtu akiniletea habari za mwisho wa dunia, swali langu la kwanza ni moja: unauza nini? Nilimuuliza hivyo hata yule mwenye stesheneri pale Mbinga mjini, mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, alipokuwa akiwaeleza wateja kwamba kalenda ya Wamaya inaisha Desemba na sisi tunaisha nayo. Alicheka. Lakini nyuma yake alikuwa ametundika CD za mahubiri ya siku za mwisho, mpya kabisa.

Nilimpa somo ambalo hakuliomba. Wamaya, nilimwambia, walikuwa na hesabu yao ndefu ya siku, na hesabu hiyo ilikuwa inafika mwisho wa mzunguko mmoja ili uanze mwingine. Kalenda ya parokia ukutani kwako ikifika mwisho wa Desemba, unaishusha na kutundika nyingine, hukimbilii kuungama. Wamaya hawakuacha neno kwamba siku hiyo dunia itateketea. Hayo yaliongezwa na watu wa juzijuzi, wengi wao wenye vitabu vya kuuza. Mwenye stesheneri aliniangalia kwa jicho la pembeni, akidhani mimi nimelipwa na mtu.

Ukali huu sikuupata shuleni. Niliupata nyumbani kwetu Mapera, mwishoni mwa mwaka tisini na tisa.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Zamani kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na pikapu zao, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na tabia yake. Nyuma yao wakaja wa mitumba, wa redio, wa dawa za kuongeza damu. Tulijifunza kumtilia shaka mtu yeyote aliyeshuka kwenye gari akitabasamu. Kwa hiyo mpaka leo sielewi vizuri jinsi muuza mishumaa alivyotupata.

Nadhani ni kwa sababu alikuja kwa miguu. Alikuwa na rozari shingoni, mfuko wa mishumaa ya njano, na karatasi za fotokopi zilizofifia ambazo aligawa bure. Karatasi ilisema kwamba kabla mwaka haujageuka zitakuja siku tatu za giza. Jua halitaonekana. Hakuna taa itakayowaka isipokuwa mshumaa wa nta ya nyuki uliobarikiwa. Watu wafunge milango, wafunike madirisha, wasali, wala wasichungulie nje. Na mashetani watapita wakibisha hodi kwa sauti za ndugu mnaowapenda. Atakayefungua atakufa, yeye na wote waliomo ndani.

Mama alinunua mishumaa ya kututosha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa na mdomo. Baba alipokuwa hai alifuga nyuki, na nta niliijua kwa pua. Nilinusa mshumaa mmoja.

"Mama, hii si nta. Ni mshumaa wa dukani, umetiwa rangi."

"Umebarikiwa."

"Na nani?"

"Usiniulize maswali ya kishetani, mwanangu."

Padri alisema waziwazi kanisani kwamba Kanisa halifundishi jambo hilo. Nikajua yamekwisha. Kumbe tulipotoka nje akina mama walikuwa wakinong'onezana kwamba lazima aseme hivyo, amekatazwa kutoboa siri. Nilikereka mno. Padri angekubali, ingekuwa kweli. Alipokataa, ikawa kweli zaidi.

Jirani yetu alikuwa bwana shamba, Mwislamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Kigoma. Alimuuliza mama kwa upole kama giza hilo litawafika na watu wa dini yake. Mama alifikiri kidogo, kisha akampa mshumaa mmoja. Bwana shamba aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza kama mahindi tumeshapanda. Mama hakuwa amepanda. Ngolo zetu, yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo, zilikuwa zimeshatoa maharage na sasa zinasubiri mahindi, na mvua ilikwishaanza. Upande mzima wa mlima uliotazamana na kwetu ulikaa vivyo hivyo, bila mbegu. Nilichukua jembe nikaenda kupanda peke yangu, kwa hasira, huku mama akinionea huruma.

Kilichomsumbua mama kilikuwa kimoja tu, mdogo wake. Kati ya watoto wote wa bibi walikuwa wamebaki wao wawili tu. Mama mdogo aliolewa ziwani, Kihagara, na alikuwa na mtoto mchanga wa kwanza, aliyempata baada ya kungoja miaka mingi. Mama alituma salamu kwa wachuuzi wa samaki: mdogo wangu aje na mtoto kabla mwaka haujaisha, tuwe pamoja. Majibu hayakurudi. Mama alimwekea mshumaa wake hata hivyo, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Siku chache baada ya Krismasi ukungu ulishuka tangu asubuhi na haukuinuka. Mchana mvua ikaja juu ya ukungu. Kufikia saa tisa hatukuuona hata mgomba wa karibu. Mtu wa Mbinga anayajua mawingu ya Desemba kama anavyoijua sahani yake, lakini mwaka huo kila mtu aliyatazama kwa mashaka. Mama alisikia mlango wa nyumba ya pili ukifungwa, kisha mwingine, akasema, "Limeanza."

Tulifungiwa ndani, mimi na wadogo zangu wawili. Blanketi dirishani, mshumaa mezani. Nilichukua kiberiti nikawasha kibatari, kujaribu tu. Kikawaka vizuri kabisa. Mama akakipuliza. "Bado ni mapema," alisema.

Tulikuwa katikati ya rozari niliposikia hodi.

"Hodi hapa! Dada, ni mimi!"

Mama aliacha sala katikati ya neno. Sauti ilikuwa ya mama mdogo, kwa Kimatengo chetu kilichokwishachanganyika na cha ziwani. Ilisema kwamba lori liliharibikia njiani, ametembea na mvua, mtoto amelowa. Nikainuka. Mama aliniwahi, akaegemeza mgongo wake kwenye komeo.

"Ni mama mdogo," nilisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Watakuja kwa sauti yake."

"Nasikia harufu ya usipa." Usipa ni dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, na harufu yake ilikuwa inapita chini ya mlango.

"Shetani atashindwa kuiga harufu?"

"Basi muulize jambo ambalo analijua yeye tu."

"Shetani anajua yote."

Mtu mwenye jibu hilo huna pa kumshika. Nilimvuta mkono, naye hakunipiga wala hakufoka, alizidi kuegemea komeo. Wadogo zangu wakaangua kilio. Mmoja alinikumbatia mguu akisema, "Dada usifungue, tutakufa." Nje mtoto alikohoa, kikohozi kidogo cha kifua chepesi. Mama alikisikia. Nilimuona akifumba macho.

"Dada," sauti ilisema, sasa kwa chini, "naona mwanga chini ya mlango. Mpo."

Mama alianza Salamu Maria kwa sauti kubwa. Alipomaliza hatukusikia tena mtu mlangoni.

Kesho yake jua lilichomoza kama kawaida. Nilifungua mlango bila kuomba ruhusa. Kwenye baraza palikuwa na kikapu cha usipa kilichofunikwa kwa jani la mgomba, kimelowa chote. Mama alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Bwana shamba alipita kutuambia kwamba mgeni wetu alilala kwake, kwamba alimpa kitanda chake na yeye akakaa kwenye kiti, na kwamba mtoto alikuwa na homa. Alimsihi ampeleke zahanati. Mama mdogo alikataa kukaa Mapera hata saa moja zaidi, akapanda lori la kwanza la kurudi ziwani.

"Nilimsikia akibisha kwenu," bwana shamba alisema, "nikajua mmetoka." Sidhani alijua hivyo. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Mama alinichukua tukashuka siku hiyohiyo. Kihagara palikuwa na joto na anga jeupe, wanawake wakianika samaki, watoto wakioga ziwani, hakuna aliyefunika dirisha. Mama mdogo alitupokea inavyopasa. Nilimwamkia, akaitikia. Alitupa maji ya kuoga, akatupikia ugali, akatuhudumia bila kuinua uso. Mtoto alikuwa amelala mkekani, kifua kikipiga filimbi, lakini alikuwa ameshaanza kunyonya tena. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Tulipomaliza kula, mama mdogo alinawa mikono akakaa mbele ya mama.

"Dada, nikuulize. Ulijua ni mimi?"

Nilitamani sana mama aongope. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, limeandikwa na watu wengine: nilidhani ni shetani. Mapera nzima ingemwelewa, na hata mama mdogo, nafikiri, alikuwa anangoja kulisikia ili yaishe.

"Nilijua," mama alisema. "Tangu hodi ya kwanza."

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa.

"Nilisema moyoni, je, kama si yeye?" mama aliendelea. "Nilikuwa na watoto watatu ndani."

Mama mdogo aliinama akamfunika mtoto kifua kwa kanga yake.

"Na mimi nilikuwa na mmoja mgongoni," alisema. "Nilimleta kwa sababu uliniita."