Ringi Iliyozidi Shubiri Moja na Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosa mitupo huru kumi na miwili mfululizo, mbele ya watu walioniajiri kwa sababu ya mitupo hiyo. Mtupo huru ni ule anaopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo: unasimama nyuma ya mstari, hakuna wa kukuzuia, ni wewe na ringi. Chuoni Njombe nilikuwa sikosi. Makambako kila mpira ulipita juu ya ringi, ukagonga ubao na kunirudia.

Mwajiri wangu hapo Makambako alikuwa kiwanda cha nguzo za umeme chenye timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Wachezaji wawili wenyeji walikaa kwenye benchi wakinitazama.

"Huyu katoka Njombe kweli," mmoja akasema. "Anatafuta ringi kwenye ukungu."

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Analenga kunguru."

Meneja Utumishi, mama mfupi mwenye sauti ya chini, hakucheka. Aliniita pembeni.

"Binti, barua yako inasema mchezaji na karani wa stoo. Usipopata namba kwenye timu, na ukarani huna. Nakupa wiki tatu."

Nyumbani Kifanya ajira yangu ilikuwa imeshatolewa shukrani kanisani. Ningeingiaje usharikani na begi langu baada ya wiki tatu?

Nirudi nyuma kidogo. Chuo cha ualimu nilichosoma kilikuwa na uwanja wa udongo na goli moja. Nguzo ya goli hilo ilikuwa msaada kutoka kiwanda hichohicho, ikaja na ubao na ringi vimeshafungwa. Nguzo ya kiwandani huwa na alama iliyochomwa kwenye mti, kuonyesha izame ardhini hadi wapi. Ile yetu ilisimikwa alama ikiwa bado juu ya ardhi. Aliyesimamia shimo ni Mwalimu wa Michezo, mzee wa kanisa ambaye hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo.

"Tumekutana na mwamba," alituambia, nasi tukachukua mpira tukaanza kucheza.

Hakuna aliyepima. Kwetu, ambako kila familia ina shamba la miti, nguzo ikishatoka kiwandani haiulizwi kipimo. Imeshapimwa. Kwa miaka miwili tulitupa kwenye ringi ile, asubuhi za Juni vidole vikiwa vimekufa ganzi. Udongo uliolowa haukuruhusu mpira kudunda, kwa hiyo tulidunda kidogo na kutupa sana.

Kocha wa kiwanda alikuwa askari mstaafu aliyependa kutazama kabla ya kusema. Alinitazama siku tatu. Siku ya nne akaniuliza nilijifunzia wapi, kisha akachukua futi ya stoo na kupanda lori la kiwanda lililokuwa likienda Njombe. Alirudi jioni anacheka.

"Ringi inatakiwa iwe mita tatu na sentimita tano kutoka chini. Ya kwenu imezidi shubiri moja na nusu! Dada, miaka miwili umekuwa ukilenga ghorofani."

"Sasa nibadili mkono, kocha?"

"Ukithubutu, nakurudisha Kifanya mwenyewe. Mkono huo hauna kosa. Badili miguu. Sheria inataka uwe nyuma ya mstari, ndani ya nusu duara. Haisemi uugandie mstari. Rudi hatua moja."

Nikarudi hatua moja. Mpira ulipanda kama kawaida yangu, ukadondoka katikati ya ringi bila kuigusa. Wa pili vilevile. Wa tano ulipoingia, yule dada wa benchi akasimama.

"Haya, ukungu umeondoka," alisema, akaja kuniokotea mipira.

Wiki ya tatu Meneja Utumishi aliniletea jezi kwa mkono wake. "Karani," aliniita, "kesho stoo saa moja na nusu. Usichelewe kwa kuwa unajua kutupa."

Nilikaa kiwandani misimu minne: asubuhi nahesabu bolti na nyaya, jioni uwanjani. Kisha klabu ya kulipwa ya Dar es Salaam ikanichukua, na huko sikuwa tena karani wa kitu chochote. Kocha Mkuu wa klabu hakupenda mtupo wangu. "Mpira wako unakwenda kutalii kwanza," alilalamika. Lakini mimi ni mfupi, na mabeki warefu walioruka kuuzuia walikuta umeshawapita juu. Aliacha kulalamika. Nilicheza hadi goti lilipokataa, nikarudi Makambako bila kinyongo na mtu. Kila Jumamosi huenda chuoni kwangu kufundisha, na nikiwaona wanafunzi wanatupa juu kama mimi, nafurahi. Ninawafundisha na hatua moja ya kurudi nyuma.

Wiki iliyopita nguzo ile, iliyokuwa imeoza kwenye shina, iling'olewa. Mafundi walipochimba shimo lilelile kwa ajili ya nguzo mpya, nilisimama ukingoni. Walifika chini zaidi kuliko nguzo ya zamani ilivyowahi kufika, hadi kina ambacho ingefika kama ingezama mpaka kwenye alama, wakapita. Ulikuwa udongo mwekundu, laini kama wa bustani. Hawakukuta mwamba, wala jiwe la kutupia ndege.

Mwalimu wa Michezo alikuwa amelazwa hospitali ya Ikonda. Nilimpelekea maparachichi, nikamwamkia, nikamuuliza.

"Mwalimu, ule mwamba ulikuwa wapi?"

Alichagua parachichi moja, akaliminya kwa kidole gumba kuona kama limeiva.

"Wanafunzi wako wanatupaje siku hizi?" akasema.

"Wanatupa juu, Mwalimu."

"Vizuri," alijibu, akafumba macho.

Nguzo mpya imelala kando ya shimo, alama yake inaonekana vizuri. Mkuu wa Chuo amenikabidhi kazi ya kusema izame hadi wapi, na mpaka leo sijamjibu.