Kesi Haimfuati Anayelia

Mwanamke aliyekuwa akideki mahakama ya mtaa wetu tulimwita Mama Ndoo. Shule hakuijua, kama mimi, lakini masikio alikuwa nayo. Kesi zikisikilizwa, yeye hufuta madirisha, na dirisha la karibu na meza ya hakimu lilikuwa safi kuliko yote.

Nilimjua kwa sababu ya mtalaka wangu, fundi rangi ambaye mtaa mzima unamwita Mjuaji. Aliniachia watoto watatu akahamia kwa mwanamke mwingine. Hilo nililimeza. Kisha akaiba cherehani yangu iliyokuwa ikitulisha, na hilo halikumezeka. Aliichukua barazani kwa dada yangu, ng'ambo ya daraja, nilikokuwa nikishona mapazia, akaiuza hukohuko. Mimi nikaripoti kituo kilicho karibu na chumba changu, nikidhani kesi humfuata anayelia. Nikatia dole gumba kwenye karatasi ambayo sikusomewa. Kumbe imeandikwa nimeibiwa chumbani kwangu.

Mahakamani Mjuaji alisimama kifua mbele.

"Mheshimiwa, upande huu sijagusa kitu. Naapa, cherehani niliichukua ng'ambo, barazani kwa shemeji. Na shahidi ninaye."

Shahidi akaja, msukuma mkokoteni aliyeibeba. Hakimu akaandika yote, mwisho akasema tendo lilifanyika wilaya nyingine, mahakama yake haina mamlaka nalo. Akaiondoa kesi.

Nje Mjuaji akanipita akicheka. "Mama watoto, sindano ya mkono bado unayo? Basi shona taratibu."

Nikakaa kwenye ngazi. Mama Ndoo akaja na tambara lake.

"Inua miguu, mwenzangu, nideki. Unalia nini?"

"Ameshinda."

"Ameshinda nini? Umemsikia hakimu akisema hana hatia? Amesema si hapa. Hayo ni mambo mawili."

"Sasa mimi niende wapi?"

"Ng'ambo. Kesi haimfuati anayelia, inafuata mahali tendo lilipofanyika. Kule nako kuna kituo na mahakama. Na huyo mume wako..."

"Si mume wangu."

"Haya, huyo mzigo wako. Amekimbia mvua, akajitosa mtoni. Ameapa kwamba aliichukua, na hakimu ameandika. Waambie polisi wa kule waombe maandishi ya leo."

Nilimuuliza amejuaje. Akakunja mkono wa gauni, akanionyesha mfupa uliopinda chini ya kiwiko. Shemeji yake alimvunja mkono huo, mbali na hapa, naye akaja kushtaki hapa kwa kuwa ndipo alipoishi. Akaambiwa mahakama haina mamlaka. Alidhani maana yake ni kwamba hana haki, akarudi nyumbani. Miaka ikapita, akapata kazi hii ya kudeki, na wiki ya kwanza tu akamsikia hakimu akimweleza mtu mwingine kwamba jalada lake liende wilaya ya pili.

"Nilisimama na ndoo mkononi," akasema. "Wakati huo shemeji yangu alikuwa ameshazikwa."

Nikaenda ng'ambo. Safari hii sikutia dole mpaka niliposomewa mara mbili, na askari akaniona msumbufu.

Siku ya kesi Mjuaji alikana kila kitu. Cherehani haijui, barazani kwa dada hajafika. Mwendesha mashtaka akamsomea maneno yake ya mahakama ya kwanza.

"Haya ni ya nani?"

"Ni yangu, mheshimiwa, ila niliyasema kwa ajili ya kesi ile."

Hakimu akayaandika na hayo.

Alifungwa miezi sita. Cherehani ilipatikana kwa aliyeinunua, ikarudi bila kifuniko, na mkanda umelegea. Watu huniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe, na miezi sita naiona michache.

Kitu cha kwanza nilichoshona ni gauni la kazi la Mama Ndoo. Mkono wa kulia niliukata ukiwa mpana kidogo na wenye kupinda, uufuate mfupa wake. Nikampelekea asubuhi, kabla mahakama haijafunguliwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumshukuru.

"Simama hapohapo," akasema. "Vua viatu. Nimetoka kudeki."