Fundo la muuza sukuma

Leo nimegombana na mlinzi wa supamaketi hapa Mlolongo, na nimeshindwa.

"Mzee, toroli haivuki geti. Gari lako liko wapi?"

Nikamhutubia. Nani aliamua kwamba asiye na gari hanunui unga wa mwezi mzima?

Akacheka tu. (Mnaonijua, acheni kucheka pia.)

Mama mmoja anayeuza mboga za sukuma wiki nje ya geti akainuka, akafunga unga na sabuni zangu kwa kamba, akanipitishia kamba hiyo kwenye paji la uso, mzigo ukakaa mgongoni.

"Inama, kijana. Ama wanaume wa siku hizi hawana shingo?"

Hivyo ndivyo mama yangu alivyobeba kuni kule Ndithini. Sikuwahi kumpokea mzigo hata mara moja. Nilisema ni kazi ya wanawake, na leo hayupo nimwombe msamaha.

Nimetembea hadi nyumbani nimeinama, watu wananicheka.

Sasa nina njaa, na unga bado umefungwa. Fundo ni lile lile mama yangu alilofungia kuni.

Ninyi mngelifungua?