Bahasha ya Mkono wa Mama

Mama alipopooza upande wa kulia, tulimtoa Elburgon akaja kukaa kwangu Milimani. Alikuwa fundi wa nguo tangu usichana wake. Sasa mkono uliokata sare za watoto wa nusu ya mji ulilala mapajani kama wa mtu mwingine, na yeye akaufunika kwa leso. Daktari alimpa mpira wa kufinya. Nikimkumbusha, aligeukia dirishani.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kutengeneza bahasha. Nilichemsha jelatini na glisirini, nikaimimina kwenye trei ya keki mpaka ikaganda. Juu yake napaka rangi kwa rola, nalaza jani la mpera, nakandamiza karatasi, kisha naibandua ikiwa na picha ya jani. Ikikauka naikunja bahasha.

"Hiyo si jeli ya watoto?" Mama aliniuliza asubuhi moja.

"Ni jeli, lakini hailiwi."

"Hebu sogeza nione."

Nilimsogezea trei niliyokwisha kuipaka rangi ya buluu, nikidhani atagusa kwa kushoto. Akautoa mkono wa kulia chini ya leso, akaubeba kwa ule mzima, akaulaza juu ya rangi ile. Vidole vilikuwa vimejikunja. Akavinyoosha kimoja kimoja, akavikandamiza. Sikuthubutu kumsaidia.

Alipouinua nikaweka karatasi. Kiganja kilitokea cheupe katikati ya buluu, na mistari yake yote, hata kovu la sindano ya cherehani kwenye kidole cha shahada. Mama akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Kumbe bado ni wangu," akasema.

Akataka karatasi ile ikunjwe bahasha, itumwe kwa mdogo wake wa Rongai. Tangu Mama augue, mama mdogo alikuwa akipiga simu tu, kuja, hapana.

"Ndani niandike nini?"

"Usiandike kitu. Ataujua."

Jumapili iliyofuata mama mdogo alifika na mfuko wa mahindi mabichi, akasimama mlangoni.

"Niliogopa kukuona," alisema.

"Hata mimi nilijiogopa," Mama akamjibu. "Ingia, chai inapoa."

Mkono haujapona kabisa, na makasi bado yanamshinda. Lakini siku ile walikaa jikoni wakimenya mahindi, Mama akilibana hindi kwa mkono dhaifu na kulimenya kwa mwingine, polepole, huku mdogo wake akimsimulia habari zote za Rongai alizokuwa amezikosa.