Kijiko Kifudifudi

Mimi nilikuwa mwosha vikombe, na sioni haya kusema. Miaka kumi na tisa niliosha vikombe vyeupe mia mbili kwa siku kwenye chumba cha kuonjea, katika kampuni inayouza chai kwa mnada. Niliviosha kwa maji ya moto na magadi peke yake, maana sabuni ikibaki kikombeni hata tone, chai inaibeba. Chai ni mwizi wa harufu. Iweke karibu na kitunguu, itanuka kitunguu. Iweke karibu na mafuta ya taa, umekwisha. Hayo mimi na dada yangu alitufundisha mume wa dada, ambaye kazini walimwita Ulimi.

Ulimi ndiye aliyekuwa mwonjaji mkuu. Asubuhi tulipanga vikombe vitano vitano kwenye meza ndefu chini ya dirisha, majani yakapimwa kwenye mizani ndogo, mimi nikamwaga maji yanayochemka, tukangoja dakika sita. Kisha shemeji yangu alipita akisukuma kwa goti ndoo ya kutemea yenye magurudumu. Anachota kijiko, anavuta kwa mlio ambao ungemwaibisha mama yake mzazi, anatema, anasema neno. "Changamfu." "Imelala." "Imeungua." Na baya kuliko yote, "Ina doa," yaani imeingiwa na harufu ngeni, irudishwe ilikotoka. Waonjaji wengine walikuwepo, lakini mezani kwetu hakuna aliyegusa kikombe kabla mkubwa hajasema. Hiyo ilikuwa sheria, haikuandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Sasa mtu wa namna hiyo, hebu fikiria kuwa mke wake.

Dada yangu alimpikia chai kila asubuhi miaka thelathini na moja. Na kila asubuhi yule bwana aliionja na kusema. "Maji yalichemka mara mbili." "Umeiacha mno." "Hiyo sufuria ilipikiwa nini jana?" Hakuwa mkali, wala hakuwahi kuinua mkono. Alikuwa tu hajui kudanganya, basi. Nilimwambia dada mara ngapi, mpe maji ya bomba ajipikie! Dada alicheka. "Mdogo wangu," aliniambia, "siku nitakayosikia huyu mtu akisema 'nzuri', nitajua ni nzuri kweli. Wewe mumeo alikusifia kila kitu, na yuko wapi?" Alinikomesha. Mume wangu alikuwa ameondoka zamani, na kweli alinisifia mpaka mlangoni.

Mwaka ule Ulimi aliugua mafua makali, wiki mbili kitandani. Aliporudi kazini alionekana sawa, amekonda kidogo tu. Siku ya tatu ikaja chai ambayo mimi, nikiwa nimeshika birika, niliisikia inanuka ukungu. Pua yangu si ya kusomea, lakini miaka kumi na tisa ni shule pia. Nikangoja atupe neno lake. Akavuta, akatema, akasema, "Changamfu."

Nilimfuata kwenye chumba cha kuoshea. Nikafunga mlango.

"Shemeji, ile chai ilikuwa na doa."

Alisimama akiangalia sinki. Kisha akaketi juu ya kreti tupu, mtu mzima wa heshima zake, akaweka mikono magotini.

"Nakunywa maji ya moto, shemeji," alisema. "Sisikii kitu. Nikila kitunguu ni kama natafuna karatasi. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi."

"Dada anajua?"

"Hajui."

Nilimwonea huruma. Na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu wa kwanza. Nilimwambia nitamsaidia. Nani humtazama mwosha vikombe? Ningeonja kidogo kabla hajafika mezani, kisha ningeweka kijiko juu ya kila kikombe. Mpini ukimwelekea yeye, chai ni nzuri. Ukielekea dirishani, imelala. Kijiko kikilala kifudifudi, ina doa. Majani aliweza kuyasoma kwa macho, na maneno alikuwa nayo ya kutosha. Tulifanya hivyo miezi minane, na hakuna aliyegundua.

Lakini nyumbani hakukuwa na kijiko changu. Jumamosi moja dada alikuja kwangu mbio, mikono bado ina maji ya vyombo.

"Amesema!" Alinishika mabega. "Amesema nzuri!"

"Nani amesema nini?"

"Mzee wangu! Amekunywa, akanyamaza, nikajua sasa anataja sufuria. Akasema, 'Nzuri.' Hivyo tu. Nzuri!"

Alikuwa analia, jamani. Mwanamke wa miaka hamsini na minane analilia kikombe cha chai. Mimi nikacheka naye, ingawa nilijua yule bwana alikuwa ameonja kama mimi ninavyoonja ukuta.

Kuanzia hapo dada alifunguka. Yeye aliyeogopa kugusa majani mengine ila yale ya kila siku, alianza kutafuta. Akaleta chai ya kijani ambayo ukiimwagia maji yanayochemka inakuwa chungu kama dawa, akajifunza kuyapoza kwanza. Akaleta iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, nyumba nzima ikanuka jiko. Akaleta iliyokandamizwa kama tofali, ya kuvunjwa kwa kisu, na nyingine iliyochanganywa na asumini. Kila Jumapili alasiri tuliketi sisi watatu, makopo yamepangwa mezani, tunaonja. Na sitasema uongo, nilizipenda zile Jumapili. Sikujua kumbe hilo jani moja lina tabia nyingi hivyo. Dada alifumba macho, akasema hii inanikumbusha nyasi zilizokatwa, hii inanikumbusha shati la baba. Kisha alimgeukia mumewe, na Ulimi alitoa maneno yake kutoka kwenye kumbukumbu. "Nzuri. Inaanza polepole, kisha inakuja." Dada aliyaandika kwenye daftari, na tarehe.

Nilimkalia kooni shemeji. "Mwambie! Njia ya mwongo ni fupi."

"Nikimwambia kazi itaniponyoka, hilo nalivumilia," alinijibu. "Lakini lile daftari, shemeji. Nitamwambiaje kuhusu lile daftari?"

Kila ukurasa ulivyojaa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, na sote wawili tulilijua hilo, tukaendelea kunywa.

Ndipo meneja akasema watakuja Jumapili, yeye na waonjaji watatu, kumpongeza Ulimi nyumbani kwake kwa miaka thelathini na tano ya kazi. Dada hakulala wiki nzima. Alikuwa ameagiza kopo la chai nyeupe, ile ya vichipukizi vitupu vyenye vinyweleo, ambayo Ulimi aliwahi kuisimulia walipokuwa wachumba na hajawahi kuiweka nyumbani. Lilikuwa limefika miezi miwili kabla. Alilificha lisionekane, iwe siku ya kushangaza. Na hakumruhusu mtu kuionja, hata yeye mwenyewe. Funda la kwanza liwe la mumewe, mbele ya wakubwa wake.

Wageni wakafika, wakaketi. Mimi nilileta visahani na vijiko. Dada aliingia na birika la kioo, akamwaga maji mbele yao ili waone vichipukizi vinavyosimama.

Loo! Harufu ikanipiga. Si ya chai. Ilikuwa ya vile vidonge vyeupe tunavyoweka kwenye nguo kufukuza wadudu.

Nilielewa palepale alikolificha kopo. Kwenye sanduku la nguo zake za harusi, mahali pekee ambapo mumewe hapekui. Yeye aliyejua kuwa chai haiwekwi karibu hata na limau! Lakini mtu anayeinusa ile dawa kila akibadili nguo atasikiaje? Niliwatazama wageni. Waonjaji wale wana pua. Mmoja, mwanamke kijana aliyeajiriwa juzi tu, alikuwa ameinamisha uso. Hakuna aliyesema. Mezani kwetu hakuna anayegusa kikombe kabla ya mkubwa, na dada alikuwa ameshamimina cha mumewe.

La kuvunda halina ubani, lakini nilijaribu. Nilichukua kijiko chake, nikakilaza kisahanini, kifudifudi.

Alikiona. Macho yake yalikaa pale, kisha yakanijia mimi, nikafumba na kufumbua ili asiwe na shaka. Neno moja tu lilitakiwa. Angesema, "Mke wangu, ina doa," kama alivyosema miaka thelathini na moja. Wangecheka, dada angeona aibu kidogo, mambo yangekwisha. Kazi yake ingepona na siri yetu ingelala.

Akamtazama dada. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekumbatia daftari lake.

Ulimi akavuta kwa mlio, akaiweka mdomoni muda mrefu, akameza.

"Nzuri," alisema. "Mke wangu, hii ni nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa."

Hapo wengine wakaruhusika kunywa. Yule kijana alikohoa kwenye leso. Meneja alinywa funda moja, akarudisha kikombe polepole.

"Mzee," alisema kwa upole, na huo upole ndio uliotumaliza. "Umeionja?"

"Nimeionja."

Meneja alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Dada naye, akiona vikombe vimewekwa chini kimoja baada ya kingine, akachukua chake. Akanywa. Nikaona uso wake unavyobadilika, kwanza ile dawa, kisha sanduku, kisha mumewe, kisha, Mungu nisamehe, zile kurasa zote. Alikusanya vikombe, akavipeleka jikoni, na hakurudi kuwaaga wageni.

Jumatatu meneja alimwekea Ulimi vikombe vitatu mwenyewe, mlango umefungwa. Kimoja kilikuwa na chumvi, na Ulimi hakuitambua. Saa nne alitoka amebeba koti lake, na kijiko alichotumia tangu ujana akakiacha mezani. Mimi nilifuata wiki iliyofuata, maana haikuwa vigumu kujua ni nani aliyekuwa akipanga vijiko. Sikulalamika. Tulidanganya, tukashikwa.

Nilichoshindwa kukubali ni ule ukimya wa nyumbani kwao. Dada hakumgombeza mumewe. Alipika, alifua, alimjibu alipoulizwa. Chai hakupika tena. Mwezi wa pili wa ukimya huo nikasema hapana, huyu mwanamke anadhani mumewe alimchezea tu, na mimi ninayo habari ya kumponya. Nikaenda. Nilimkuta jikoni akichambua mchele. Nikamweleza yote, kreti, vijiko, ile Jumapili.

"Alijua, dada," nilimwambia. "Nilimlazia kijiko kifudifudi, akakiona. Angeweza kujiokoa. Alikuchagua wewe mbele ya mkubwa wake. Ni mwanamume gani angefanya hivyo?"

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akaliweka pembeni.

"Kwa hiyo alijua ni mbaya."

"Ndiyo, lakini..."

"Mimi nilikuwa nimeshajituliza," alisema. "Nilijiambia ni maradhi. Kwamba alikuwa anabahatisha, maskini, na huenda nyingine kweli zilikuwa nzuri, hata moja tu, ila yeye hakuwa na njia ya kujua. Nilikuwa nimebakiwa na hilo." Akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo. "Sasa umekuja kuniambia alijua ni mbaya, akanitazama usoni, akasema nzuri. Mtu pekee niliyemjua asiyeweza kusema uongo."

Nilitaka kurudisha maneno yangu mdomoni. Maneno hayarudi.

Siku hizi Ulimi ndiye anayepika chai. Nilienda kuwatembelea asubuhi moja, nikamkuta anapima majani kwenye mizani yake ndogo, anangoja dakika zake sita akiangalia saa ya ukutani. Akampelekea dada kikombe pale dirishani, akasimama mbele yake akingoja, kama dada alivyokuwa akisimama zamani.

Dada akanywa. "Nzuri," akasema, bila kugeuka.

Ulimi alisimama kidogo zaidi, kisha akatoka nje. Dada alikiweka kikombe dirishani, akaenda zake chumbani. Mimi nikakichukua nikaonja kilichobaki.

Ilikuwa na sabuni.